Gari Lililomfuata Reine

Kafutuma,
Nchelenge, Zambia.
14 Juni 2025

Mpendwa Yaya Florent, kaka yangu mkubwa,

Pokea salamu nyingi kutoka upande huu wa ziwa. Habari za Kolwezi? Mgongo wako unaendeleaje? Na wifi yangu Ngalula, bado anakohoa kwa lile vumbi la malori ya mgodi? Sisi hatujambo. Mume wangu Chalwe amemaliza kuvuna mihogo ya shamba la juu, nami naendelea kukaanga maandazi yangu karibu na bandari. Tunamshukuru Mungu kwa uzima.

Kabla ya lolote, tulia. Binti yako Reine ni mzima, na mtoto ni mzima, msichana mwenye mdomo wako kabisa, pole yake. Siku ile kwenye simu sauti ilikuwa inakatika, wewe ukasikia neno hospitali ukaanza kupiga kelele, basi tukashindwa kuelewana. Barua hii nampa Hervé anayepeleka samaki Lubumbashi, yeye atakutafutia dereva wa kuifikisha. Soma taratibu hadi mwisho, ndipo unigombeze.

Wewe hunicheka kila siku kwamba niliolewa katika nchi ndogo. Ukipiga simu ni kobalti, ni shaba, ni magari ya wazungu yasiyoweza kusogea bila udongo wetu. Sikatai. Hata huku wanatuheshimu kwa fedha. Boti za kwetu zikifika asubuhi, mchana sukari imekwisha madukani, sabuni imekwisha, na wenye maduka wanatabasamu hadi jino la mwisho. Jirani yangu Febby anaamini kila Mkongomani amefunga dola ndani ya liputa lake, kile kitenge cha kiunoni. Nikimwambia kwamba mimi liputa langu lina mimi tu, anacheka, anadhani namficha. Anasema Kongo ndiyo nchi, Zambia ni kijiji. Nami nilikuwa naitikia kwa kichwa, najivuna kidogo, hadi mwezi uliopita.

Reine alivuka kutoka Kilwa kuja kununua sabuni na mafuta ya kupikia, na tumbo limefika puani. Mume wake Méschac alimkataza, lakini unamjua binti yako. Uchungu ulimshika hapa kwangu, kabla ya siku zake. Chalwe akampakia kwenye baiskeli hadi kituo cha afya, mimi nyuma nakimbia na beseni kichwani. Ndani ya beseni Reine alikuwa ametia vyote ambavyo mwanamke wa kwetu hubeba akienda kuzaa: wembe, uzi, glavu, mafuta ya taa, na kuku aliyefungwa miguu kwa ajili ya nesi. Nesi aliyetupokea ni Ba Chisanga, mama mnene wa sauti ya chini. "Mwaiseni mukwai," akatukaribisha, akamchukua mgonjwa. Kuku akanirudishia. Reine alizaa kabla jua halijatua, na hakuna aliyetutajia franki wala kwacha.

Kisha Ba Chisanga akasema presha iko juu, kwa hiyo mzazi atabaki wodini hadi ishuke. Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Reine hakuamini habari ya presha hata kidogo. Kwetu mwanamke akizuiwa wodini baada ya kuzaa, ni kwa sababu ya bili. Asubuhi, manesi walipokuwa wanapokezana zamu, akamfunga mtoto kifuani, akapita nyuma ya jiko la wagonjwa, akashuka bandarini kutafuta boti ya kurudi Kilwa.

Mimi nilikuwa nakaanga, sina habari. Mara gari jeupe la wagonjwa likasimama mbele yangu, Ba Chisanga akashuka anahema. Akaniambia kwa Kibemba kwamba Reine hayupo, na kwamba presha ile inaweza kumwangusha kwa degedege wakati wowote. Akianguka katikati ya maji, hakuna wa kumwokoa. Yaya, niliingia katika gari lile na mwiko mkononi, mafuta yanachuruzika kwenye kiti cha serikali.

Boti ya Dédé, mvushaji wa kwetu Kilwa, ilikuwa imejaa magunia, watu wamekaa tayari, injini inajaribiwa. Walipoona gari jeupe, wote wakageuzia macho ziwani. "Huyo mwanamuke hatumujue," akasema Dédé, hata kabla hatujauliza. Mama mmoja mfanyabiashara akatupa kisogo, akatandaza liputa lake vizuri juu ya turubai. Walikuwa wanadanganya wote kwa pamoja, na kwa moyo safi. Hakuna aliyemjua Reine hata kwa jina. Walichojua ni kwamba kuna mzazi anakimbia hospitali, ikatosha.

Nikapaza sauti kwamba hawakufuata pesa: "Dédé, habataki makuta!"

"Tantine," akanijibu, kana kwamba mimi ni shangazi yake, "serikali itie mafuta mu gari, ifuate mutu mpaka ku maji, juu ya kumupa dawa ya bure? Unatuona batoto?"

Boti nzima ikacheka. Na kusema kweli, kama nisingeshuka kutoka kwenye gari hilo mwenyewe, ningecheka nao.

Ba Chisanga hakugombana na mtu. Alivua viatu, akaingia majini hadi magotini na sare yake, akashika ukingo wa boti. Akanyoosha mkono wenye vidonge na chupa ya maji, akasema kwa Kiswahili chake cha sokoni: "Kama hataki kurudi, sawa. Lakini yeye kunywa hii. Mupatie."

Kicheko kikaisha. Watu wakatazamana, maana hakuna aliyewahi kuona mdai wa aina hiyo. Yule mama akaondoa liputa lake polepole, turubai likanyanyuka, Reine akatoka, uso umevimba, mtoto kifuani. "Tantine, kichwa inapasuka," akasema. "Ninaona nyota-nyota mu macho." Ba Chisanga akampima presha palepale juu ya magunia, akasoma, na nikaona uso wake unabadilika. Aliyembeba Reine hadi garini ni Dédé, mwongo yule yule. Kabla mlango haujafungwa akanisogelea na kuniuliza kwa sauti ndogo kama mke wake naye anaweza kuja kuzalia huku.

Walitupeleka moja kwa moja hospitali kubwa. Sindano, dripu, nesi mmoja akitoka mwingine anaingia. Kwa siku mbili sikujua kama nitakuandikia barua hii au ile nyingine ambayo hakuna dada anayetaka kumwandikia kaka yake. Niliogopa, yaya. Nilimshika binti yako mguu chini ya shuka ili nijue kama bado una joto.

Na nikiwa pale kwenye benchi nilishangaa hadi nikasahau njaa. Usifikiri nimekuja kwenye paradiso. Mwaka jana mvua ilikosekana, umeme ukakatwa siku nzima, bei ya unga ikatutoa machozi. Febby ana jozi moja ya viatu, ya kanisani. Ukipima nchi kwa kilicho chini ya ardhi, sidhani kama hii inafika kiunoni kwetu. Sasa nieleze wewe unayejua mambo ya dunia: nguvu ya kutuma gari kumfuata binti wa watu, asiye raia, ambaye hajawahi kulipa kodi hapa hata ya kuku, nguvu hiyo inatoka wapi? Na sisi wenye kobalti tumeiweka wapi? Najua huko kwetu nako kunaanza kubadilika. Nimesikia redioni kwamba katika majimbo kadhaa sasa wanazalisha bila malipo. Nitafurahi siku Dédé atakapoamini.

Reine alipopata nguvu nilimuuliza kilichomkimbiza. Akasema: "Papa alisimulia." Yaya, ni ile habari ya kuzaliwa kwake. Jinsi Ngalula alivyozuiliwa kwenye maternité, wodi ya uzazi, na kichanga, akawa anafua mashuka ya wagonjwa hadi ukauza cherehani kumtoa. Tunaisimulia kila harusi, nawe ndiwe unayeigiza yule mlinzi wa lango, "Mama, rudia ndani!", watu wanashika mbavu. Tulicheka kwa sababu ilikwisha salama. Lakini binti yako hakuwa anacheka. Alikuwa anajifunza.

Umesema arudi wiki hii kwa sababu mnataka kufanya sherehe. Harudi. Bado anapimwa presha, dawa hazijaisha, na safari hii hataondoka hadi Ba Chisanga mwenyewe aseme nenda. Mkitaka kumwona mjukuu, njooni ninyi, mle maandazi. Ukinuna, nunia huko huko.

Jambo la mwisho nikwambie, maana ndilo lililonifanya nikae niandike badala ya kusubiri simu. Siku tuliyoruhusiwa, tulitembea hadi kwenye lango la hospitali, mimi na beseni, Reine na mtoto mgongoni. Lango lilikuwa wazi. Mlinzi amekaa kwenye kigoda anamenya karanga. Akatusalimu, akarudia karanga zake. Mimi nikapita. Kugeuka, Reine amesimama ndani, hasogei, watu wanampita kulia na kushoto. Nikamwambia twende mama, jua linachoma. Machozi yakaanza kumtoka.

"Tantine," akasema, "hakuna mutu anatuita."

Nilirudi nikamshika mkono, tukatoka pamoja.

Nisalimie wifi Ngalula, mwambie mjukuu anapiga kelele kama yeye. Nisalimie dada yetu Deborah akipita hapo, na watoto wote wa nyumba. Chalwe anawasalimu, anasema sasa ni zamu yake kukucheka, lakini nimemkataza. Mungu awafungulie njia popote mtakapopita, na vifua vyenu vipone vumbi.

Ni mimi dada yako mdogo, akupendaye hata ukiwa umekasirika,

Jeanine