Herufi Zenye Miguu ya Korosho

Majengo, Songea

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Nakuamkia katika baridi hii ya Songea, vidole vina rangi na moyo mweupe. Goti lako je, linakubali shamba? Mikorosho imeshaanza kutoa maua? Na Somoe wangu, kile kikohozi kimemwacha? Mimi sijambo kabisa, alhamdulillahi. Kaka Rashidi anayekusomea barua hii namwomba asome polepole na asiruke, maana namjua.

Ningeweza kupiga simu, lakini jambo lenyewe ni la kuonwa. Geuza karatasi, utaona nimeandika jina la Somoe. Hizo herufi nimezibuni mwenyewe, mimi huyu wa darasa la saba. Kila mstari unapoishia una kimguu, na kimguu kimejikunja kama korosho.

Unakumbuka Fundi Haule, mzee anayenifundisha kuandika mabango, alisema atanijaribu kwanza. Basi wiki tatu zilizopita akaniambia bango moja tu ndilo litaamua. Mteja akilipokea, napewa meza yangu na kazi ya kudumu. Akilikataa, nirudi huko kwetu Nakapanya. Wewe unajua maana yake kwangu. Bila kazi ya kudumu siwezi kumchukua mwanangu, na kila tukiongea kwenye simu anauliza nakuja lini, nami nazungusha maneno mpaka naona aibu.

Mteja alikuwa Mama Ngonyani, anayeoka keki hapa Majengo. Hakutaka herufi zilizo kwenye kila duka, alitaka zake peke yake, za bango na za maboksi. Nikachukua daftari la hesabu, lile la miraba, nikachora A mpaka Z. A ilinisumbua siku mbili, kila nikiipa miguu inaonekana kama imevaa viatu vya mtu mwingine. S ilikuja yenyewe. Q nikamuuliza Fundi nani ataitumia. Akasema nichore tu, hata mgeni asiyetegemewa huwekewa kiti.

Nikaandika bango. Juu jina la mwenyewe, chini keki za harusi, ubatizo, kipaimara na maulidi. Yote kwa herufi zangu za korosho, maana nilizipenda, nikaona kwa nini nizibanie. Hapo ndipo nilipokosea, mama.

Kwa Fundi, bango kabla ya kutundikwa husimamishwa ukutani na mteja huvuka barabara kulisoma kutoka ng'ambo. Mama Ngonyani akavuka. Akaweka kichwa upande huu, akaweka upande ule, kisha akarudi taratibu.

"Jina langu zuri mpaka nataka kulila," akasema. "Lakini hapa chini umeniandikia nini, mwanangu? Mimi naona mizizi."

Nami nikavuka kwenda kutazama. Kwa karibu nilikuwa nasoma vizuri, kumbe aliye mbali anaona vichaka tu. Nikamuona Somoe anakua huko bila mimi. Fundi hakunigombeza. Alimwomba mteja arudi kesho, akanikalisha, akaniuliza kama nimewahi kwenda harusini. Nikasema mara nyingi.

"Bibi harusi ni mmoja," akaniambia. "Ukiwavisha shela wanawake wote ukumbini, nani atajua anayeolewa ni yupi?"

Nikacheka huku nalia. Nikafuta maneno yote ya chini, nikapaka rangi upya, nikaandika kwa herufi nene za kawaida, hazina urembo wowote, zimeachiana nafasi. Ajabu ni kwamba jina pale juu lilizidi kupendeza, kama mtu aliyepishwa njia.

Kesho yake Mama Ngonyani akaja na mama mkwe wake, bibi wa Madaba ambaye macho yake yameanza kuchoka. Wakavuka wote wawili. Yule bibi akasoma kwa sauti tangu jina mpaka maulidi, akauliza kama keki ya kipaimara inauzwa hata kwa aliyepata kipaimara zamani. Tulicheka mpaka wapita njia wakasimama. Bango likatundikwa saa ileile. Herufi zangu, dada wa steshenari amezipiga picha na kuziingiza kwenye kompyuta, sasa anazichapa kwenye maboksi. Q bado haijapata kazi.

Tuliporudi kutoka kulitundika, Fundi alisogeza makopo yake kutoka meza ya dirishani, akasema, "Mama Somoe, kaa hapa." Nikaketi, nikaweka daftari langu la miraba juu ya meza.

Kwa hiyo mama, nakuja kumchukua mwanangu. Mwenye nyumba ameridhia, na shule ya watoto wadogo iko jirani. Najua ninachokuomba, maana kitanda chako kitakuwa kipana mno. Basi tuondoke wote, ukae nasi mpaka mikorosho itakapokuita.

Nisalimie baba mdogo aliyenisindikiza siku ile na begi kichwani, na shangazi aliyesema rangi ni kazi ya wanaume, yeye msalimie mara mbili. Jirani yetu anayemsuka Somoe mwambie Mungu ambariki.

Ila Somoe mwenyewe usimwambie bado. Ukimwambia leo, atahamia barabarani, na kila basi la kutoka Songea atasema mimi nimo.

Ni mimi mwanao niliye njiani,
Zaituni