Baba Yuko Italia

Buenos Aires, 18 Januari 1999

Baba, shikamoo.

Mguu unaendeleaje, na kile kikohozi cha asubuhi kimekuachia? Mimi sijambo kiasi. Dukani miwani inanunuliwa, chumba changu kinavuja kidogo tu, ila usingizi umenihama, na sababu ndiyo hii barua.

Niliwahi kukueleza kuhusu wenzangu wa Alhamisi, tunaokutana kuonja mvinyo. Tuko watano. Inés ndiye aliyenivuta, na sasa tumekuwa kama ndugu. Siku ya kwanza walizivalisha chupa soksi ili tusione majina, nikazitambua zote tatu. Wakataka kujua nimejifunzia wapi. Nikawaambia kwamba shamba la mizabibu la La Consulta ni mali ya familia yetu. Sijui nilipatwa na nini, baba. Sikusema kwamba wewe ni mtunza shamba wa Bwana Olmedo, kwamba tunakaa humo kwa fungu la mavuno. Nilisema ni letu tangu enzi za babu. Hayo yalikuwa miaka miwili iliyopita, na kila Alhamisi nimekuwa nikiyaongezea chumvi.

Sasa wameamua safari ya mwaka huu ni Mendoza, mkoani kwetu. Siku mbili watazunguka mashamba makubwa, na siku ya tatu, Jumamosi tarehe 20 Machi, wanataka kwetu. Nimejaribu kila hila kuwakwepesha, wapi. Bwana Olmedo huwa haji Jumamosi, kwa hiyo yeye simwogopi.

Ninachokuomba nimekiandika, nimekifuta, nimekiandika tena. Nimewaambia baba yangu yuko Italia kwa shughuli zake. Siku hiyo tupokee kama mtunza shamba, basi. Niite senyorita, kama binti wa mwenye shamba. Ukikataa nitaelewa, lakini nitakuwa nimeaibika mbele ya watu pekee nilio nao katika mji huu.

Binti yako,
Mirta


La Consulta, 2 Februari 1999

Mirta mwanangu, marahaba.

Kikohozi kipo, kinaamka kabla yangu. Mguu unanibeba. Tigre naye mzima, mbwa anayekula kuliko mimi na asiyefanya kazi yoyote. Je, wewe unakula, au ni kuonja na kutema tu?

Barua yako nimeisoma mara tatu, mara ya tatu nikiwa nimesimama. Kumbe niko Italia. Hukuweza kunipa taarifa nikafungasha? Babu yako alitoka huko na shati moja akaapa hatarudi, leo umenirudisha mimi bila hata nauli.

Sitakuficha, niliumia. Nilinuna siku mbili. Zamu yetu ya maji ya shamba ilipofika nikamnunia hata yule mfungua mifereji, mtu asiye na hatia. Siku ya tatu nikasema moyoni, kazi ya mtunza shamba nimeifanya miaka thelathini na mmoja, siku moja zaidi haitaniua. Waje. Nitachoma nyama, na nitafungua dumu la mvinyo wa kona, ule ninaojitengenezea mwenyewe kwa zabibu za mstari wa kona. Ila uongo kwa mdomo wangu sisemi. Nitakaa kimya, na kukaa kimya unajua ninavyokuweza.

Wiki hii napanda ngazi kukaza nyavu za kukinga mvua ya mawe. Mawingu ya mwaka huu yana nia mbaya.

Baba yako (mpaka tarehe 19 Machi)


Buenos Aires, 16 Februari 1999

Baba, shikamoo, na asante.

Uko mzima? Nimesikia kwenye redio kwamba mawe yamenyesha upande wa San Carlos, huko kwenu. Usipande ngazi peke yako, mwite mtu akushikie.

Uliposema ulinuna nililia. Uliposema waje, nililala saa nane mfululizo. Lakini nimeamka na hofu nyingine. Tigre akiniona atanirukia na kunilamba uso mzima, hapo utasema nini? Na ile picha yangu ya komunyo ya kwanza iko palepale ukutani, juu ya meza ya chakula. Halafu baba, usiudhike, usitie maji ya soda kwenye mvinyo mbele yao. Najua kila mtu huko anatia. Hawa wanaona ni dhambi. Na usiniite Mirtita, hata kwa bahati mbaya.

Naota kila mara. Tumekaa mezani, kila kitu kinakwenda sawa, kisha naita "baba" na watu wote wanageuka.

Binti yako,
Mirta


La Consulta, 5 Machi 1999

Mirta, marahaba.

Utaona mwandiko si wangu. Miwani imevunjika, kwa hiyo mimi nasema na jirani yetu Hortensia anaandika. Ukikuta maneno yamepambwa, hayo ni yake. Hali yangu ni njema. Zabibu zimewiva mapema kwa ule upepo wa moto wa juzi, na wachumaji wanaimba vibaya kama kawaida yao.

Tigre siku hiyo atashinda kwa Hortensia. Picha nimeiondoa. Ukuta umebaki na mraba mweupe mahali ilipokuwa, nikatundika kalenda ya duka la mbolea, inatosha kwa upana lakini kwa urefu imepungua kidogo. Chupa ya soda iko chini ya kitanda.

Senyorita asiwe na wasiwasi.

Eleuterio Zanin, mtunza shamba


La Consulta, 8 Aprili 1999

Mirta,

U mzima? Wiki tatu zinakatika hakuna neno. Nilidhani labda gari mlilokodi limeharibika njiani, halafu nikasema, habari mbaya zingeshafika. Hortensia anakusalimu, ndiye bado anayeandika.

Kwa macho yangu mambo yalikwenda vizuri. Wenzako ni watu wa heshima, isipokuwa yule mwenye nywele nyekundu aliyetema mvinyo kwenye kopo langu la mrehani. Octavio wenu, yule wa daftari, aliizungusha glasi mpaka nikapata kizunguzungu mimi, akaingiza pua ndani na kutangaza kwamba anasikia harufu ya tandiko la farasi. Tandiko lenyewe lilikuwa nyuma ya dumu, sikutaka kumharibia. Aliandika ukurasa mzima juu ya mvinyo wangu wa kona. Nilifurahi, nisikufiche, nikatamani ukurasa huo uwe na jina langu.

Inés alinisaidia kubeba sahani. Tulipofika jikoni akaniuliza kwa sauti ya chini, "Don Eleuterio, hawa mabosi wako wanakutendea vizuri?"

Nikamjibu, "Mzee mwenyewe haonekani sana. Ila binti yao namjua tangu anatambaa, hana baya."

Wewe ulikuwa umesimama mlangoni. Nilidhani ungecheka. Badala yake ulirudi mezani, ukaiacha glasi yako imejaa, na wakati wa kuondoka Inés alinibusu shavuni, wewe ukanipungia ukiwa ndani ya gari. Nikajiambia ni maigizo hayo. Sasa ni wiki tatu na maigizo hayajaisha. Nimekosea wapi?

Eleuterio


Buenos Aires, 24 Aprili 1999

Baba, shikamoo, kama bado naruhusiwa.

Unaniuliza umekosea wapi. Hukukosea. Ulijua vizuri ulichokuwa unafanya.

Uliwamiminia wenzangu wote vizuri, mmoja baada ya mwingine. Ulipofika kwangu, pale kona ya ukuta, ulibadili mkono. Ukashika chupa kiganja kikiwa kimeangalia juu, ukanimiminia kinyume. Nilikuwa na miaka saba nilipommiminia shangazi hivyo kwa mchezo, ukaninyanyua na kunitoa mezani. Ulisema hivyo ndivyo anavyomiminiwa msaliti, na kwamba katika nyumba hii hakuna atakayemfanyia mwenzake hivyo.

Octavio aliona. Kila mtu huku anajua maana yake. Akacheka akasema, "Senyorita, mtunza shamba wenu amekulaani." Wote wakacheka, na mimi nikacheka nao. Ule mvinyo sikuweza kuunywa.

Najua nilistahili. Lakini ungenikatalia mapema, ungenitukana kwa barua, ningekunja mkia na kunyamaza. Ulingoja mbele ya watu. Halafu ukamwambia Inés kwamba sina baya, nami nasikia. Sitaandika tena kwa muda. Kula vizuri.

Mirta


La Consulta, 6 Mei 1999

Mirta,

Hortensia amenisomea barua yako.

Mimi humimina ninavyoweza. Msaliti simpi mvinyo wangu wa kona. Msaliti simpi hata maji. Kama miaka yote uliyokula mezani kwangu haikukufundisha hilo, barua haitakufundisha.

Mavuno yamekwisha, majani yanageuka rangi. Kupogoa kunaanza Juni. Vaa sweta, redio inasema huko kwenu baridi imeingia.

Eleuterio

Mirta, hapa ni mimi Hortensia. Baba yako yuko nje, anadhani nabandika stempu. Aliniapisha, lakini nimechoka kuandika uongo wa watu kwa mwandiko wangu mzuri.

Miwani haijawahi kuvunjika. Kilichovunjika ni mkono wa kulia, kwenye kifundo. Tarehe 10 Februari aliteleza kwenye ngazi akikaza nyavu. Hakutaka kwenda mjini, akaungwa na mzee mmoja wa huku ambaye zamani alikuwa akiunga farasi, na mkono ukashika vibaya. Kiganja kimekwama kikiangalia juu, hakigeuki tena. Hashiki kalamu, hashiki mkasi. Siku ya wageni alimimina kwa kushoto. Wewe ulikaa kona ya ukuta, kushoto hakukufika, ikabidi atumie huo mbovu. Alinyamaza ili usije ukaifuta safari yako kwa ajili yake.

Bwana Olmedo hajui. Siku atakayojua kwamba mtunza shamba wake hawezi kupogoa, nyumba atapewa mwingine kabla ya baridi kuisha. Kila asubuhi baba yako anajaribu mkasi kwa kushoto nyuma ya ghala, anakata mizabibu ya watu ovyo kisha anakaa chini.

Nilipomsomea barua yako aliniambia nirudie pale pa kumiminiwa. Nikarudia. Akautazama mkono wake, akautia mfukoni. Hakujua, Mirta. Mpaka siku hiyo alikuwa hajui kwamba alikumiminia kinyume.


Buenos Aires, 17 Mei 1999

Baba, shikamoo.

Mkono unauma? Unaweza kujifunga vifungo vya shati? Usimgombeze Hortensia. Gombana na mimi.

Nimeikumbuka siku ile yote, na kuna jambo linanitafuna. Ulikuwa umevaa miwani yako. Ilikuwa puani pako tangu tulipofika mpaka tulipoondoka. Mimi nauza miwani, baba. Uliniandikia imevunjika, sikukutumia nyingine, na nilipokuja sikuona hata kama ipo, kwa sababu siku nzima niliogopa kukutazama. Kama ningekutazama mara moja tu, ningeuona na mkono.

Alhamisi iliyopita nimewaambia. Nilisimama, sikuweza kuyasema nikiwa nimekaa. Nilisema shamba si letu, Italia hakuna mtu, na mtunza shamba aliyetuchomea nyama ni baba yangu mzazi. Octavio alicheka akidhani ni mzaha, kisha akaacha. Inés aliuliza swali moja tu: "Yule niliyebeba naye sahani?" Nikasema ndiye. Akachukua koti lake akatoka. Tangu hapo hapokei simu zangu, na simlaumu.

Dukani nimeomba likizo ya miezi miwili, wamenipa mmoja na nusu. Kupogoa nakujua, ule mstari wa kona niliupogoa nina miaka kumi na miwili nawe ukinikaripia kila jicho la mzabibu. Bwana Olmedo akija nitamwambia mwenyewe kwamba mimi ni binti wa mtunza shamba, na kazi ya baba msimu huu naifanya mimi. Tukimaliza, tunakwenda mjini kwa daktari wa watu.

Basi linafika La Consulta Jumamosi tarehe 29, saa nne asubuhi. Sina uhakika kama unataka kuniona. Ikiwa hutaki, usihangaike kusema. Mfunge Tigre pale kwenye lango. Nikimkuta amefungwa nitaelewa, na nitarudi na basi la jioni.

Mwanao,
Mirta


La Consulta, 22 Mei 1999

Mirtita

Naandika kwa kushoto, usicheke.

Nimerudi kutoka Italia. Picha nimeitundika, kalenda nimewashia moto. Mkasi wako mdogo Hortensia ameunoa. Soda iko mezani.

Tigre hajafungwa.

Baba yako