Siku Uliyopanda Jombo Mikono Mitupu

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Nimeitanguliza, maana najua hata huko uliko ungenikatiza: "Salamu iko wapi?" Sasa imefika, niache niseme. Na nitasema sana, wanijua. Shule ilinishinda darasa la nne, lakini kwa maneno sijapata kushindwa na mwalimu yeyote.

Nataka kukukumbusha safari yetu ya Jombo.

Mimi milima nimeiona, baba. Nimeuona ule wa Keptauni uliokatwa kichwa ukawa bapa kama meza. Nimeyaona majabali ya Aden, yameungua hata mbuzi anayahurumia. Nimekaa baharini miaka mingi nikipikia mabaharia wa kila rangi, na kila bandari ina mlima wake wa kujivunia. Lakini nikiulizwa upi umeshinda, nasema Jombo, na mwenye kubisha namwambia ale kwanza chakula changu, tutabishana akishashiba.

Kwa sisi watu wa meli Jombo ni alama tu. Ukitoka Bombay, kabla hujaona mnazi hata mmoja wa Msambweni, unaiona nundu ile imesimama peke yake upande wa bara, unajua umefika kwenu. Kwako wewe Jombo ilikuwa kazi. Uliupanda ukiwa kijana, ukaupanda ndevu zikianza kuwa nyeupe, na kila mara nyuma ya Mzungu. Kupanda walikutwika hema, sanduku la chai na kiti cha kukunja. Kushuka walikutwika mawe, maana wengi wao walikuwa mabwana wa mawe, wanayagonga kwa nyundo ndogo na kuyanusa kama mtu anayechagua embe sokoni. Mama alikuwa akiwaambia majirani, "Mume wangu ndiye mtu pekee Msambweni aliyeajiriwa kuuhamisha mlima, na mlima wenyewe bado haujapungua."

Nilirudi nyumbani mwisho wa kaskazi, bendera mpya ya uhuru ikiwa bado haijapauka kwa jua. Nilikuta daktari ameshakwambia kwamba mtoto wa jicho ameota kwenye macho yote mawili, na kwamba kabla ya kaskazi nyingine huenda yakafunga. Kisu machoni ulikuwa hutaki hata kukisikia. Nami nilikuja na mashati ya Durban na redio, nikidhani redio itakuliwaza. Uliisikiliza kwa adabu, ukaipunguza sauti, ukasema, "Nataka kwenda Jombo."

Mama alikuwa akipakua wali. "Kuna Mzungu gani huko tena? Si wamekwenda zao?"

"Hakuna Mzungu. Nakwenda mimi."

"Kufanya nini?"

Ukatuambia jambo ambalo hukuwa umetuambia maisha yako yote. Kwamba wale mabwana, kila mmoja, akifika juu alisimama kwenye ukingo wa jabali akapiga mluzi. Wengine walivua na kofia. "Sijui walikuwa wakiona nini," ulisema. "Mimi nilikuwa nimeinama, napuliza moto wa chai yao. Na chai ikiiva, ni kukunja hema tushuke. Nataka kukiona hicho kitu kabla haya macho hayajafungwa."

Mama alirudisha upawa chunguni. Nilijua anatafuta la kukukataza, asilipate. "Basi nenda na huyu," alisema. "Amezunguka dunia nzima, na akuzungushe na wewe."

Kila mtu alitukataza. Mwisho wa kaskazi si wakati wa Jombo. Vijito vimekauka, majani yameanguka yamekuwa makavu na utelezi kama ganda la ndizi, changarawe inabiringika chini ya mguu kama umemwaga kunde sakafuni. Upupu umekomaa, na upepo kidogo tu unakuvisha kanzu ya kuwasha mwili mzima. Tena ndio wakati watu wa bara wanachoma mashamba kungojea mvua, na moshi wake hulala siku nyingi bila kuondoka. Lakini masika ikianguka njia ingekuwa matope matupu, na baada ya masika nani angejua macho yako yamefika wapi. Tukapanda lori la miwa, tukalala kwa binamu yako chini ya mlima, na tulipokwisha kusali alfajiri tukaondoka.

Nilikukataza kubeba chochote. Galoni ya maji kwangu, kikapu kwangu, mkeka kwangu, birika inaning'inia mgongoni inanigonga kama kengele ya mbuzi. "Leo wewe ndiye bwana," nilikwambia, "mpagazi ni mimi." Nikadhani nimekupa raha. Kumbe nimekupa tabu. Mikono yako haikujua la kufanya. Ukaiweka nyuma, ukaileta mbele, ukashika fimbo ukaitupa. Shingo yako ilikuwa imekazana vilevile, imenyooka, kana kwamba sanduku la chai bado liko juu yake na likianguka utakatwa mshahara. Ulitembea hivyo mpaka jua likatoka.

"Nipe hata hiyo birika," ulisema.

"Bwana habebi birika."

Ukacheka kwa pua. Kisha ukabadilisha sauti, ukakunja uso, ukasema kwa Kiswahili chao: "Wewe boi, leta maji pesi pesi." Nilicheka nikamwaga maji. Nawe hukunisamehe: "Mpagazi gani huyu anamwaga maji ya watu? Mimi kwa hilo ningeachwa hapahapa na fisi."

Karibu na mguu wa mlima tulikutana na mama mmoja, jembe begani, shamba lake linafuka moshi nyuma yake. Alitusalimu vizuri, tukamjibu, akauliza tuendako.

"Juu," ulisema.

"Mmepotelewa na ng'ombe?"

"Hatuna ng'ombe."

"Basi kuni."

"Kuni hatutaki."

"Ah, dawa. Mzee anachimba dawa."

"Mimi mzima, mama. Nakwenda kutembea."

Akashusha jembe. "Kutembea? Juu ya mlima?"

"Ndiyo."

"Na ukishafika?"

"Narudi."

Akanigeukia mimi. "Kijana, babako ana homa?"

"Hana homa, mama. Ana uhuru."

Akacheka mpaka akashika kiuno. "Uhuru huo ukifika kwangu nitaulaza kitandani, siupandishi mlima." Lakini alitufuata hatua kadhaa akatuonyesha mahali upupu ulipokuwa mwingi, tupite upande wa pili. Wewe ukasikia. Mimi, mtu wa dunia, nikasema upupu nimeukuta Malabari kule India, haunitishi. Kilichonipata unakijua. Nilipanda nusu ya Jombo nikijikuna kama nyani, na wewe nyuma yangu unasema kwa upole, "Wa Malabari ulikuwaje, mwanangu? Ni huu huu?"

Kuanzia pale njia ikasimama wima. Nilikuwa na viatu vya Durban, soli zake zinang'aa kama sahani, na kila nikipiga hatua mbili narudi moja. Wewe na viatu vyako vya mpira wa gari ulikuwa ukipanda kama mtu apandaye ngazi ya nyumbani kwake. Miguu yako iliijua ile njia. Lakini macho hayakuiona, na njia yenyewe ilikuwa imebadilika tangu siku zako: mti uliokuwa ukiushika umeanguka, na pale ulipozoea jiwe palikuwa na majani makavu juu ya shimo. Ukashika hewa. Nilikudaka mkono, tukateremka wote wawili kwa makalio mpaka kichaka kikatuzuia, birika ikatangulia chini ikilia peke yake.

Goti lako lilichanika. Nikalifunga kwa kanga aliyotufungia mama chakula. Sasa mzaha ulikuwa umenitoka. "Baba, turudi," nilikwambia. "Umepanda vya kutosha. Nitakueleza mimi kulivyo juu, nitakwenda mbio nirudi nikueleze."

Hukukasirika. Ulitazama upande nilipokuwa, ukaniambia, "Nimeteremsha mawe ya watu hapa na homa mwilini, sikuyaacha njiani hata moja. Leo nimejibeba mwenyewe, nijiache njiani?"

Ukainuka. Basi nikaifuata birika, kisha nikawa nyuma, mkono wangu mgongoni mwako, nakwambia jiwe, shimo, mzizi, inama. Ukawa unakwenda kwa neno langu. Mabaharia wangesikia kwamba kuna mtu aliyeyaamini maneno yangu asubuhi nzima, wasingekubali.

Tukafika juu. Lile jabali lipo kama ulivyolieleza, limejitokeza nje kama baraza ya nyumba. Ulikwenda mpaka ukingoni, ukasimama, ukatulia. Nami nikatazama. Moshi. Mweupe, mzito, umefunika kila kitu kuanzia miguuni petu. Mlima wote ule, goti lote lile, na mbele yetu kama mtu amening'iniza shuka.

Nikafanya ninachokijua. Nikaanza: "Yaa baba, tazama. Bahari ile, buluu tupu. Kisiwa cha Funzi kile pale, na kule Chale, na meli inapita ina mabomba mawili. Yule nadhani ni mama, uani, anaanua nguo." Uliniacha niendelee. Nikaongeza nyangumi.

"Umemaliza?" uliuliza.

"Nimemaliza."

"Macho yangu mabovu, mwanangu, lakini moshi naujua. Kaa. Tutangoja."

Tukakaa. Adhuhuri ilipofika tukatayamamu kwa vumbi la lile jabali ili maji tuyanywe, tukasali. Tukala. Nilitaka kuwasha moto wa chai, ukanikataza: "Leo hapa hapapulizwi moto." Jua likapinda. Mimi nilikuwa nikihesabu kimoyomoyo saa ya kushuka, nikiogopa kukushusha gizani na goti lile, na nikiogopa zaidi kukushusha mtupu. Maana hakungekuwa na mara nyingine. Sote wawili tulilijua hilo, hatukulisema.

Upepo ulitoka baharini alasiri. Nilianza kuuhisi shingoni, pale nilipokuwa nikijikuna. Ule moshi ukatikisika, ukaanza kusogea bara, taratibu, kama mtu mnene anayeondoka karamuni. Ukaonekana mti, ukaonekana paa, likaonekana bonde zima. Nikafungua mdomo nikueleze, ukainua mkono.

"Usiseme wewe. Nitauliza, unijibu." Ukanyoosha kidole. "Ule weusi mrefu?"

"Minazi ya Msambweni."

"Na mng'ao ule nyuma yake?"

"Bahari."

"Haya mabaka, ya kijani na ya hudhurungi, yametapakaa kila mahali?"

"Mashamba, baba."

"Ya nani?"

"Ya watu. Yetu. Hapo kati nadhani ni ule muhogo wa shangazi."

Uligeuza kichwa kutoka kusini mpaka kaskazini, polepole, shingo sasa imelegea, nami nikaona vile viini vyako vilivyoingia ukungu vinapokea ule mwanga wote. Kisha ukasema, na sauti yako sijaisahau:

"Kumbe walikuwa wakitazama kwetu."

Nikasogea ukingoni, nikasimama kando yako.

"Wanatoka Ulaya," ulisema. "Wanapanda meli, wanapanda gari, wanakodi watu, wanakuja mpaka hapa, wanavua kofia. Kumbe ni kwetu. Nami nilikuwa nimepageuzia mgongo."

Ukavua kofia yako, ukaketi juu ya lile jabali, miguu ukaining'iniza nje, na mikono yako ikatua juu ya mapaja, imetulia. Hukutaka kushuka mpaka nilipokuomba mara tatu.

Baba, yale macho yalifunga kweli, kabla hata ya kaskazi iliyofuata. Lakini nyumba yetu haikupata kuwa ya huzuni. Nilikuwa nikirudi kutoka safari nakukuta kibarazani na watu wamekuzunguka, wewe ndiye unayesema. Unawaonyesha kwa kidole minazi iko wapi, bahari iko wapi, shamba la kila mmoja limekaaje ukiliona kutoka juu. Mtu anauliza, "Na langu, mzee, nalo walikuwa wakilitazama?" Unamjibu, "Lako sana. Lilime vizuri." Watu wanadhani majigambo nimeyaokota bandarini. Mama anajua nilipoyatoa.

Msiba wako ulinikuta mbali, na nilipofika udongo ulikuwa umeshakauka. Mama alinipokea bila kulia. Aliniambia ulilala vizuri, na kwamba siku zile za mwisho hukulalamika hata siku moja. Nimekaa naye, tumecheka zaidi kuliko tulivyolia, na sasa nimerudi baharini. Sina uchungu wa kukuandikia. Nina majivuno, tele, na kwa mara moja katika maisha yangu si majivuno juu yangu mwenyewe.

Juzi tulipita nje ya Funzi asubuhi, hewa safi. Vijana wa meli walikuwa wameegemea ukingo, wanakula maandazi yangu. Mmoja akauona ule mlima bara, akaniuliza ni upi ule. Nikamwambia, Jombo. Akauliza, "Mrefu?"

"Si mrefu," nikasema. "Baba yangu aliupanda, akakaa juu yake, akatazama."

Walingoja niendelee, maana wananijua. Walingoja nyangumi. Nami nikawamiminia chai, nikanyamaza, na huo ndio uwongo wa kwanza niliouzuia mdomoni mwangu, kwa sababu haukuwa na mahali pa kuongezwa.

Pumzika, baba. Watu huombewa kaburi lipanuliwe mpaka upeo wa macho. Nami nakuombea hilo, ila namwomba Mola apime kwa macho yako ya alasiri ile.

Mimi mwanao,
mpishi wa baharini