Rula na Kipira cha Alumini

Mama, shikamoo.

Sisi hatujambo. Paa limezibwa, na mjukuu wako ameota jino. Binti yako amerudi kufundisha, ingawa sauti haijarudi, na daktari anasema tusiitegemee tena.

Siku ya kwanza nilimchungulia dirishani, roho mkononi. Darasa limetulia kama maji mtungini. Alikuwa amening'iniza kipira cha karatasi ya alumini kwa uzi. Akasugua rula ya plastiki kwenye sweta lake la sufu, akaisogeza. Kipira kikaifuata, kikaigusa, kisha kikaruka kuikimbia!

“Mwalimu, kipira hakikusuguliwa,” msichana mmoja akauliza. “Kimevutwaje?”

Binti yako akaandika ubaoni: “Chaji zake zimehama ndani kwa ndani. Zinazovutwa na rula zimebaki karibu nayo, nyingine zimerudi nyuma.”

“Na mbona kimekimbia?”

Akaandika tena: “Kilipoigusa, kilipata chaji ya rula. Zinazofanana husukumana.”

Darasa zima likainuka, kila mtu anataka kushika rula. Akanyoosha kidole kimoja tu, wakakaa.

Mama, mimi nina sauti ya kuamsha mtaa, na hata mbuzi wetu hanisikii.

Mkweo, anayejivunia binti yako.