Nilichoacha Kumwambia Daktari wa Mama

Alhamisi, Ilford. Manyunyu tangu asubuhi. Nimechoka mpaka mifupa.

Mwezi wa pili nilimdanganya daktari wa Mama. Sijamwambia mtu yeyote.

Mama anajua Kiingereza cha salamu na cha kazini, basi tangu tufike kutoka Kongo mimi ndiye ninayemtafsiria. Siku ile alijieleza bila aibu. Usiku halali. Mchana usingizi unamwangusha, hata ndani ya basi akienda kusafisha ofisi. Jumapili alimzaba kofi mama mwenzake wa kwaya, na hajui kwa nini.

Daktari akanigeukia. Nikasema, "Anasema amechoka tu."

Kanisa zima lilikuwa linazungumza habari ya lile kofi. Kulitamka tena, mbele ya mgeni, kulinishinda. Usingizi nao nikauacha, maana jambo moja lingevuta jingine.

"Umemwambia yote?" Mama aliniuliza mlangoni.

"Yote, Mama."

Tukarudi nyumbani na vidonge vya kuongeza damu.

Nilimaliza shule mwezi wa sita, na tangu hapo niko naye kutwa. Mwezi uliopita alilala mbele ya daktari yuleyule, katikati ya kuulizwa jina. Hapo hapakuhitajika mkalimani. Tukapelekwa hospitali kubwa, damu ikapimwa, wakakuta vijidudu vya malale. Ni ugonjwa unaoletwa na mbung'o, unavuruga usingizi na hata tabia ya mtu, na hapa madaktari wengi hawajawahi kuuona. Mama aliishi miaka kando ya mto huko Maniema wakati wa vita. Ikabaki kujua kama vijidudu vimefika kichwani. Juzi walimchota maji ya mgongoni, na leo wamempiga picha ya ubongo.

Kabla Mama hajaingia kwenye mashine hiyo ya sumaku, nesi aliuliza kama ana chuma chochote mwilini.

"Mwambie ningekuwa nacho ningeshakiuza," Mama akasema.

Hilo nililitafsiri neno kwa neno. Nesi alicheka sana.

Alasiri daktari wa hapo alituonyesha picha. Ndani kabisa ya ubongo pana mabaka meupe, kulia na kushoto. Vimeingia, akasema, na maji ya mgongoni yanaonyesha hivyohivyo. Dawa ipo, ila ni ile nzito, ya kutiwa kwenye mshipa, na lazima alazwe. Akauliza dalili zilianza lini. Anataka kujua ugonjwa umekaa kichwani muda gani, ili ajue kipi kitarudi kuwa sawa baada ya dawa na kipi huenda kisirudi.

Nikasema, "Mwezi uliopita."

Mara ya pili.

Mama hakuuliza kama nimesema yote. Alinipigapiga mgongoni, akavaa koti lake.

Kesho saa tatu asubuhi analazwa. Nitamwambia yeye kwanza, njiani, akiwa macho. Kisha nitamwomba daktari afute alichoandika, na nitataja mwezi wa pili, na usingizi, na kofi. Sijui Mama atanitazama vipi.

Wewe uliyesoma mpaka hapa, kama unasali nasi au unatufahamu, nakuomba usimwambie mtu. Nitunzie mpaka kesho saa tatu. Mama asilisikie kwa mwingine.