Themanini na Tano

Jumatatu, 7 Machi 1966
Darasa zima tumepigwa picha za kifua. Karani wa kliniki, Bwana Oloo, ana mtindo wake mpya: A ni moja, Z ni ishirini na sita. Hujumlisha herufi za jina lako, na jumla ndiyo nambari ya kisanduku cha picha yako. Alisema hapekui kitu. Ahesabu jina tu, mkono waenda wenyewe. Nimeupenda sana mtindo huo. Mwanaesha ni themanini na tano.

Alhamisi, 10 Machi
Majibu yametoka. Daktari ameandika nambari moja tu yenye kifua kikuu: themanini na tano. Ni mimi.
Nisikanyage shule mpaka sindano ziishe. Na mtihani wa kuingia sekondari? Sikohoi. Sijakonda. Mama ametenga sahani yangu na kikombe. Bibi alituambia tufiche, kisha akamsimulia jirani dirishani.

Jumamosi, 12 Machi
Amekuja Rukiya wa darasani kwetu, shoga yangu tangu chuo cha Kurani. Alisimama mlangoni, buibui puani.
"Usinipumulie, shoga. Mimi nina mtihani."
Akacheka, akakohoa sana. Ati vumbi la sokoni Marikiti.
Alipoondoka nikahesabu jina lake, kwa kukosa kazi tu. Themanini na tano. Nimerudia. Themanini na tano!

Jumatatu, 14 Machi
Nilimwambia Bwana Oloo kwa adabu: nambari yakufikisha kisandukuni tu. Ndani zaweza kuwa picha mbili, sharti usome jina.
"Binti, themanini na tano ni themanini na tano."
Nikamwonyesha kisanduku. Picha zilikuwa mbili. Mama akanivuta mkono: mgonjwa habishani na karani. Nikachomwa sindano. Muuguzi amesema Ijumaa nimwambie daktari mwenyewe.

Jumatano, 16 Machi
Rukiya amepita kichochoroni akikohoa. Nilisimama dirishani. Nilitaka akohoe tena. Akakohoa.

Ijumaa, 18 Machi
Naandika hapa kliniki, benchini. Daktari amesikiliza maneno yangu yote, ameagiza kisanduku.
Rukiya ametoroka kwao kuja kuniomba radhi kwa ya Jumamosi. Amekaa karibu kabisa, bila kujifunika. Amenishika mkono. Sijamwambia habari ya picha mbili.
Mlango uko wazi. Daktari ameinua picha dirishani, asoma jina pembeni.
"Usiogope, Mwanaesha," asema Rukiya. "Mungu yupo."
Naomba iwe yeye. Naomba