Orodha ya Uhamisho

Jumanne, 9 Septemba
Cheti cha nne kimekuja. Vyote vya bure, vyote vya mtandaoni, vyote vya usalama wa kompyuta. Nimekiprinti na kukitia kwenye faili, maana mtu wa masjala hajui kufanya kingine. Bado kimoja. Mkuu wa kitengo kasema nikifikisha vitano ananitoa huku, ananipeleka chumba cha kompyuta. Miaka tisa ya vumbi la mafaili. Kifua kimechoka na mimi nimechoka. Nasoma saa kumi na moja alfajiri kabla ya kutoka Visiga, mchana nasoma tena huku natafuna chapati baridi. Macho yanawasha.

Jumatano, 10 Septemba
Zoezi la mwisho la cheti cha tano si maswali. Ni kuwatega wenzako. Unaandika ujumbe wa uongo, unautuma kwa ruhusa ya mkuu wako, unahesabu wangapi wametoa nywila zao. Nywila zenyewe hazihifadhiwi. Mkuu amekubali, tena kwa furaha. Nisimwambie mtu mpaka kikao cha Jumatatu.
Nimewaza chambo mchana kutwa. Ukisema wameshinda zawadi, hakuna atakayeamini. Mtumishi wa umma anaamini kitu kimoja tu: uhamisho.

Alhamisi, 11 Septemba
Nimeutuma saa nne. Orodha ya uhamisho imetoka: Kisarawe, Mafia, Rufiji. Ingia kwa nywila yako uthibitishe kituo kipya. Ukiingia, ukurasa unakushukuru na kukwambia umethibitishwa. Kufika saa saba, tisa kati ya kumi na mmoja walikuwa wameingia. Nilicheka peke yangu nyuma ya makabati. Siku nyingi sijacheka hivyo.

Ijumaa, 12 Septemba
Mzee Kibwana wa uhasibu ameniaga kwa kunishika mkono kwa mikono yake miwili. Amepanga chumba Tumbi. Mkewe yuko kwao Kisarawe, amepooza upande mmoja tangu mwaka juzi, na mzee anamwona mwisho wa wiki tu. Ameomba uhamisho mara tatu. Barua zote nimezipokea mimi, nimezigonga muhuri, nimezitia kwenye faili. Hakuna iliyojibiwa.
Nilijiambia nimeiweka Kisarawe ili orodha ionekane ya kweli. Uongo. Nilijua nani ataibonyeza.
Alitabasamu. Nilitaka kumwambia. Nikakumbuka cheti. Nikarudi kwenye mafaili.

Jumapili, 14 Septemba
Nimefua. Nimemaliza ripoti ya zoezi. Kichwa kizito. Namba ya simu ya mzee ninayo. Sikupiga.

Jumatatu, 15 Septemba
Mzee amekuja na korosho za shambani kwake, kila mtu kifuko chake, kimefungwa kwa uzi. Akatuambia Ijumaa alimpa mwenye nyumba notisi ya kuhama. Mkewe amekwisha kuhamishiwa kitanda chumba cha mbele, chenye nafasi ya wawili. Watu wakampongeza. Mimi nikaangalia sakafu.
Kikao kikaanza. Mkuu akasoma majina ya waliotegwa, anacheka. La mzee lilikuwa la kwanza, aliingia dakika ya pili. Watu wakacheka pia. Mzee akauliza kama na Kisarawe ni sehemu ya zoezi. Mkuu akasema yote ni zoezi. Mzee akaitikia kwa kichwa, akafungua daftari lake, akaandika tarehe ya leo.
Najichukia.

Jumatano, 17 Septemba
Cheti cha tano kimekuja. Mkuu ameniambia chumba cha kompyuta ni kuanzia mwezi ujao. Sikukiprinti. Jana na leo mzee hakuja kazini, ameomba ruhusa akamweleze mkewe. Jioni nimepita Tumbi kwa mwenye nyumba wake, nimemwomba asimpe mtu mwingine chumba cha mzee. Nikamweleza kosa ni langu. Amekubali, ila alinitazama kama mwizi. Nimerudi nyumbani nikalala na viatu.

Ijumaa, 19 Septemba
Mzee amerudi. Amekuja masjala mwenyewe. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba kama siku zote. Maneno niliyoyaandaa yalikuwa mengi. Yaliyotoka ni mawili: nisamehe, baba.
Akakaa. Akafuta vumbi mezani kwa kiganja, polepole, mpaka pakawa peupe.
"Ile ya uongo uliiandika vizuri, mwanangu," akasema. "Basi niandikie ya kweli."
Tumeiandika. Yeye anasema, mimi napiga chapa. Ugonjwa wa mkewe, miaka yake kazini, barua tatu zilizotangulia na tarehe zake. Akasaini. Nikaigonga muhuri wa kupokelewa.
Sikuitia kwenye faili. Nimeipeleka kwa mkuu kwa mkono wangu, nikasimama mbele ya meza yake mpaka akaisoma yote.